Jenerali Ako na Bibi?

Leo nimeaibika vibaya sana Machakos mjini. Wacha niwaeleze mwenyewe kabla hamjatumiwa ile video.

Mnajua mimi hucheza ule mchezo wa simu wa kupigana risasi, watu watano kwa watano. (Ndiyo, na umri huu. Endeleeni kusoma.) Msichojua ni kwamba kule ndani naitwa Musyoka. Nilianza na jina langu halisi, Mueni, nikachoka. Nikipiga mtu risasi, naombwa namba ya simu. Nikifa, naambiwa nirudi jikoni. Nikageuka Musyoka, mwanamume. Tangu hapo nikifa naambiwa tu, "Pole, bro."

Kapteni wetu anaitwa Jenerali. Jenerali haongei, anaandika tu. "Musyoka, shika mlango." "Musyoka, usiogope, niko nyuma yako." Sasa niambieni, mwanamke anayeuza mbolea sokoni Tala kutwa nzima, nani mwingine amewahi kumwambia yuko nyuma yake? Nikampenda. Nikamuumba kichwani: mrefu, ndevu zimechongwa, sauti nzito. (Sauti sijawahi kuisikia. Niliitunga.)

Leo ndiyo ilikuwa mara yetu ya kwanza kucheza ana kwa ana, mashindano ya ukumbini. Nikasuka nywele. Nikavaa lile gauni la harusi ya binamu yangu. Nikajipaka marashi mpaka konda wa matatu akafungua dirisha.

Mlangoni, bawabu akanizuia. "Madam, watu wa kupika wanapitia nyuma."

Aiya! Nikamwakia. "Kwani mwanamke akionekana ni lazima amekuja na sufuria? Mimi ni mchezaji!"

Nilimhutubia mpaka foleni ikapiga makofi. Nikaingia kichwa juu, mtetezi wa wanawake wote wa Ukambani.

Ndani, wanaume watupu. Wanaume mpaka madirishani. Nikaiona meza yetu, na kwenye kiti cha kapteni ameketi mama mmoja, amevaa dera, anamenya chungwa.

Hapo ndipo mtetezi wa wanawake akafungua mdomo.

"Dada, samahani, hapa ni pa wachezaji. Mabibi wa wachezaji wanakaa kule kwa benchi."

Akanitazama polepole, kutoka nywele mpaka viatu. "Na wewe ni nani?"

"Mimi ndio Musyoka," nikasema kwa maringo. "Lakini usiwaambie wenzangu kwanza. Hawajui mimi ni mwanamke."

Akaacha kumenya. "Wewe ndio Musyoka?"

Ningenyamaza hapo, saa hii ningekuwa nakula chakula changu kwa amani. Lakini alikuwa na uso wa upole, na roho yangu ilikuwa inadunda. Nikavuta kiti, nikamwinamia.

"Unamjua Jenerali? Ameshafika? Ako na bibi?"

"Hapana," akasema. "Hana bibi."

"Asante Mungu!"

"Ako na bwana."

Sikuelewa. Nikabaki nimetabasamu kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Akafuta mikono kwa dera, akachukua simu yake, akanigeuzia kioo. Jina limeandikwa pale juu: JENERALI.

"Naitwa Ndinda," akasema. "Nimetoka Mwala. Mimi huandika tu kwa sababu nikiongea, hata mimi naambiwa nirudi jikoni."

Nikatafuta shimo la kuingia. Ndipo nikagundua ukumbi umenyamaza. Umenyamaza wote! Kumbe vipaza sauti vya mezani vilikuwa vimewashwa, vinajaribiwa, na kila neno letu limesikika.

"Musyoka wa meza ya tatu," mtangazaji akasema kwa spika, "pole sana. Jenerali ameolewa."

Ukumbi ukalipuka. Watu walicheka wakashikana mabega, wengine wakinirekodi kwa simu. Bawabu alicheka akakalia ndoo. Nyuma yangu, wale wenzetu watatu wa timu walikuwa wamesimama na soda mikononi, midomo wazi. Mmoja akashika kichwa. "Musyoka! Na vile nilikuambia mambo yangu yote na bibi yangu!"

Mchezo ukaanza. Nikafa kabla sijatoka nyuma ya ukuta. Raundi iliyofuata, nikafa tena. Ndipo Jenerali akaongea, mara yake ya kwanza, kwa sauti ya kuita ng'ombe wavuke mto:

"Musyoka! Shika mlango! Aibu utaonea nyumbani!"

Nikashika mlango. Wakaja wawili, nikawalaza. Wakaja wengine, Jenerali akawamaliza akiwa nyuma yangu, kama alivyoniahidi siku zote. Tukashinda. (Niliruka nikamkumbatia. Ukumbi ukapiga miluzi. Nikamwachilia haraka.)

Mpiga picha akaja. "Wadada, songeni kando kidogo, tupige timu."

Mimi, kwa adabu yangu ya kijinga, nikainuka. Jenerali akanivuta gauni nikakaa.

"Timu ndio hii," akamwambia. "Wewe ndio usonge nyuma, tutoshee."

Sasa nimefika nyumbani. Simu imelia, ni Jenerali kwenye kundi la timu, mbele ya watu wote: "Musyoka, bwanangu anakusalimia. Anauliza kama aanze kuwa na wivu."

Sitawaomba nyote msicheke, nawajua. Naomba mmoja tu asicheke, nimpigie simu nilie.