Mahari pa Mbele

Jamani, leo nimeaibika mbele za watu. Tena mchana kweupe, tena nikiwa nimevaa miwani ya jua. Kabla hamjayasikia kwa wengine (na kwa Nyamiaga hii pengine mmeshayasikia), acheni niwasimulie mwenyewe. Nimechoka. Mguu uko kwenye beseni la maji ya chumvi. Msinikatishe.

Mnanijua, nafundisha Kiswahili darasa la nne. Mwaka mzima kazi yangu ni kuwaambia watoto wa watu kwamba kalamu si karamu. Mtoto anasimama machozi yanamtoka: "Mwalimu, nimeibiwa karamu." Nasahihisha. Kesho yake mwingine kapoteza karamu. Nasahihisha. Siku hizi nasahihisha mpaka ndotoni. Hilo liwekeni akilini, litanirudia.

Sasa, mama. Tangu tumzike mzee, mama amekuwa mtu wa kimya. Analima, anasali, anapika, analala. Nyumbani tuko wawili tu, maana mke wangu anafundisha kule Nyarubungo na tunaonana likizo. Jioni mimi na mama tunakula tunatazamana kama abiria walioachwa na basi. Kumsikia akicheka nyumbani, nilikuwa nimeshasahau. Nami sikujua nifanye nini, nikawa namuuliza tu kama maharage yameiva.

Lakini mwezi huu, kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana, mama anaoga. Anavaa kitenge cha Pasaka. Anajipaka mafuta mpaka kwenye viwiko!

"Mama, safari ya wapi?"

"Jumuiya."

Jumuiya yetu husali Jumatano. Katibu wake ni mimi. Nikamwacha aende.

Leo asubuhi niko barazani na rundo la madaftari, namsikia jikoni anaongea na simu. Anaongea na Mama Kulwa, rafiki yake wa shamba la jirani. Mama Kulwa ni Msukuma aliyeolewa huku, kwa hiyo hao wawili wanaelewana kwa Kiswahili. Na mama akishika simu hupiga kelele, anaamini mtandao unataka nguvu. Sikutega sikio, naapa. Nikasikia hivi:

"Yule mwanaume ameniua kabisa! Eee! Leo narudi! Mahari nimeshapata! Mahari pa mbele kabisa!"

Peni ikanidondoka. Mahari? Mama yangu? Na badala ya kushtuka kama binadamu wengine, mimi nikasahihisha. Kimoyomoyo nikasema: si "pa", mama, ni "ya". Mahari YA mbele. Yaani jamaa ameshatanguliza! (Ualimu ni ugonjwa.)

Nikampigia dada yangu Jenista, yuko Biharamulo mjini.

"Mahari amepokea nani?" akauliza. "Maana wa kupokea ni wewe."

"Mimi sijapokea hata kuku."

"Basi kajipokelea mwenyewe! Kaka, mfuatilie. Leo hii. Mimi kesho napanda basi."

Akakata. Nikabaki nimekaa. Niwaambie ukweli, mahari haikuniuma. Kilichoniuma ni ile nyumba jioni, mimi peke yangu na sufuria la maharage, mama kahamia kwa bwana nisiyemjua. Niliogopa. Mtu mzima na ndevu zangu, niliogopa kuachwa na mama.

Basi nikajiandaa. Nikavaa koti la mvua la marehemu mzee, refu mpaka kwenye visigino. Kofia nikaivuta hadi kwenye nyusi. Miwani ya jua ni ya mke wangu (ndiyo, ina maua pembeni, nimesema msinikatishe). Kisha nikapakia mikungu miwili ya ndizi kwenye baiskeli na kuifunika kwa majani. Hesabu zangu zilikuwa hivi: huku kwetu anayesukuma baiskeli yenye ndizi haangaliwi na mtu. Nilijiona mjanja kweli.

Mama akatoka, nami nikamfuata kwa mbali. Sijafika hata kwenye kona, juu ya mpera nikasikia kwaya:

"Shikamoo mwaliiimu!"

Wanafunzi wangu, mpera mzima umejaa! Nikanong'ona, "Marahaba."

"Mwalimu, mbona unanong'ona?"

Mama akageuka. Nikachutama nyuma ya ndizi. Baiskeli ikainama, mkungu ukanilalia kichwani, nikaushikilia kwa shingo mpaka mama akaendelea na safari yake. Nikainuka. Nikakutana uso kwa uso na mzee mmoja wa parokiani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Pole na macho, mwalimu. Yanasumbua sana mwaka huu."

"Asante, mzee."

"Na hilo koti la baba yako. Mungu amlaze pema."

"Amina."

Kujificha gani huku, jamani! Kote nilikopita nilipewa pole ya macho. Halafu akatokea mbuzi, sijui wa nani. Akaanza kula majani yaliyofunika ndizi, akaona ni matamu, akaamua tuongozane. Nikimfukuza analia. Nikimwacha anatafuna. Nikamwacha atafune.

Mama akakata kushoto nyuma ya mashine ya kusaga. Kuna banda pale la mabanzi, limeezekwa na kuzibwa nyuma kwa turubai kuukuu la enzi za kambi ya wakimbizi ya Lukole, yale maturubai yasiyokufa. Mlangoni Mama Kulwa alikuwa anamsubiri. Wakashikana mikono kama wasichana, wakaingia.

Nikaegesha baiskeli, nikamwachia mbuzi ulinzi, nikazunguka nyuma. Nikabandika sikio kwenye turubai. Ndani nikasikia sauti ya mwanaume, nzito, ya mtu aliyeshiba:

"Mrembo wangu, leo hunitoroki!"

Halafu nikasikia mama anacheka.

Kicheko kile nilikijua palepale. Kinaanzia puani, kinapanda, kinamalizikia kwenye kikohozi. Ndicho alichokuwa akimcheka nacho mzee akijigonga kichwa kwenye mlango wa jikoni. Jamani, kilinichoma. Kumbe kicheko kipo! Mimi napewa maharage, huyu bwana anapewa kicheko!

Hasira zikanipanda. Nikainua turubai, nikapita chini yake kwa magoti. Ndani giza, na mimi na miwani ya jua (sikuwaza kuivua, msiniulize). Nikaona mbele yangu kitambaa kinaning'inia. Nikajua hilo ndilo pazia la chumba cha huyo bwana. Nikasimama, nikapaza sauti ya darasani:

"Mama! Toka humo!"

Nikapiga hatua. Nikakanyaga koti la marehemu. Kifundo cha mguu kikaenda upande wake, mimi upande wangu. Nikashika pazia nisianguke, likashuka lote, na kamba zake na miti yake, likaniviringisha kuanzia kichwani. Nikahangaika humo ndani, nikapata tundu, nikatoa kichwa. Mwanga mkali ukanipiga usoni. Nyuma ya ule mwanga, watu wamejaa tele.

Halikuwa pazia. Ilikuwa shuka ya sinema.

Na sinema yenyewe, sikilizeni balaa hili, ni ile ya kuchekesha ya mpelelezi anayejiona hodari. Wakati huohuo alikuwa anajificha kwenye pazia. Koti refu, miwani myeusi. Pazia likamshukia. Sasa shuka imeanguka, projekta bado inawaka, yule mpelelezi anaonekana kifuani kwangu! Yeye anajitoa kwenye pazia, mimi najitoa kwenye shuka. Yeye kaanguka, mguu ukanisaliti, na mimi nikaanguka. Nikasikia banda zima linalia kwa kicheko. Nikainua kichwa. Mbuzi naye kaingia kwa tundu lilelile nililoliacha wazi, mdomoni jani la mgomba.

Mwenye banda, Deo, akasimamisha sinema. "Mwalimu Nestori! Kumbe na wewe umo kwenye picha?"

Mama alikuwa kwenye benchi la kwanza kabisa. Machozi yanamtiririka, kamshikilia Mama Kulwa asidondoke.

"Nestori! Umefuata nini?"

"Mahari, mama! Nani ametoa mahari?"

"Mahari gani?"

"Uliyosema kwenye simu! Ya mbele!"

Mama akapiga benchi kwa kiganja. "Si hapa! Mahari pa mbele! Deo ananishikia mapema, ukichelewa unakaa nyuma ya nguzo!"

Mama Kulwa akanifafanulia polepole kama mtu anayemfundisha mtoto: "Mahali, mwalimu. Anasema mahali."

Na mlangoni, maana walikuwa wamemfuata mbuzi, ile kwaya ya kwenye mpera ikaitikia yote kwa pamoja: "Kalamu si karamuuu!"

Sikuwa na pa kuuweka uso. Nikauliza kwa sauti ndogo, "Na huyo mwanaume?"

Mama akanyoosha kidole kwenye shuka niliyojifunga. "Si huyo uliyemvaa!"

Watu wakaanza upya.

Shuka ikatundikwa. Mimi siwezi kukanyaga chini, ikabidi nikae pale benchini, katikati ya mama na Mama Kulwa, nitazame mpaka mwisho. Sinema yenyewe naijua. Niliiona nikiwa chuoni, nikasema ni upuuzi mtupu. Mpelelezi anasoma gazeti juu chini. Anabandika masharubu ya bandia, anapiga chafya, masharubu yanaruka na kutua kwenye supu ya mkuu wake. Ndiyo hayo tu. Deo anasema picha za mapigano zinachujuka baada ya muda mfupi, lakini hii kila Jumamosi wamama wanakuja na vigoda vyao. Wengine hata hayo maneno yaliyotafsiriwa kwa Kiswahili hawayasikilizi.

"Maneno ya nini?" mama akaniambia. "Mimi namwangalia anavyojiamini. Anaanguka, anajipangusa vumbi, anaendelea kama hakuna aliyemwona. Namwonea huruma, nacheka."

"Sasa kwa nini hukuniambia unakuja huku?"

"Ungesema ni upuuzi." Akaongeza bila kuacha kutazama sinema: "Na nikisema firamu ungenisahihisha."

Ningemsahihisha, tena palepale. Kisha masharubu yakaruka, yakaingia kwenye supu, nami nikajikuta nacheka. Nilicheka mpaka kifundo kikauma.

Kurudi, nimepakiwa kwenye keria ya baiskeli, mama na Mama Kulwa wanasukuma. Wakifika kwenye kona wananiangalia, wanasimama, wanacheka, wanaendelea. Mkungu mmoja hatukuukuta na ndizi za kueleweka, mbuzi alishaupitia. Jenista akapiga simu tukiwa njiani.

"Kaka! Umemwona huyo baba mpya?"

"Nimemwona. Ni mzungu."

"Mzungu?! Wamekutana wapi?"

"Yuko kwenye shuka, Jenista. Anaangukaanguka."

Akakata simu. Sina nguvu ya kumpigia. Kesho akishuka kwenye basi ataelezwa na hao wa kwenye mpera.

Sasa hivi mama yuko jikoni. Kila akipita na kuliona koti la mzee kwenye kamba, kicheko kinaanzia puani. Humuhumu ndani ya nyumba yetu. Maharage ameyaunguza kidogo, na wala sijauliza kama yameiva. Amechungulia mlangoni, akautazama mguu wangu, akasema:

"Jumamosi nitakushikia mahari."

"Pa mbele?"

"Pa mbele kabisa."

Nikamwambia asante. Sikusahihisha. Na ninyi nawaomba msicheke, mama ameshacheka kwa niaba yenu wote.