Mwonjaji wa Chai wa Kitengela

Jumanne, 4 Machi
Habari njema kupita kiasi! Bi Gathoni, mwenye duka jipya la chai ya majani hapa Kitengela, anatafuta mtu wa kuonja kila aina na kuieleza ladha yake. Maneno ya mshindi yatachapishwa kwenye mikebe. Yatachapishwa! Mimi, Mureithi, mwandishi wa maombi yasiyojibiwa, hatimaye nitasomwa. Nimewasilisha ombi rasmi. Ameniambia ni refu, ila nije Jumamosi. Mpinzani ni mmoja: jirani yangu Ojwang, ambaye akila chochote husema kiko sawa. Namhurumia.

Jumatano, 5 Machi
Mazoezi! Majani ya Gathoni, maji ya moto, bila maziwa wala sukari. Mke wangu Cate ameuliza kama tumefilisika hadi tunywe strungi. Nimempuuza kwa heshima.
Chai nyeusi: shupavu, yenye harufu ya kuni zilizopasuliwa sasa hivi, nyuma yake, chumvi ya mbali. Chai ya kijani: nyasi za asubuhi, nyuma yake, chumvi ya mbali. Chai ya zambarau: tunda lenye haya. Chumvi tena! Ugunduzi! Majani yote ya nchi hii yameficha chumvi, na hakuna ulimi ulioitambua ila huu wangu!

Ijumaa, 7 Machi
Cate anadai chumvi hiyo ni ya kisima cha ploti hii tunamopanga, na ndiyo sababu sabuni haitoi povu na birika ina magamba meupe. "Baba Jackie, kwani hujui tunakunywa nini miaka yote hii?" Nimemweleza kwamba ulimi uliofunzwa haushindani na sabuni.
Ojwang ameonekana akimpelekea Gathoni mtungi wa maji ya mvua. Anajipendekeza. Mbinu za kitoto!

Jumamosi, 8 Machi
Duka limejaa. Gathoni amechemsha maji ya Ojwang. Nimeonja chai nyeusi: chumvi haipo! Ya kijani: haipo! Wajibu ni wajibu. Nimesimama na kutangaza, kwa staha, kwamba mama huyu ameuziwa majani bandia. Wateja wameweka vikombe chini. Mmoja amedai arudishiwe pesa.
Gathoni, macho yakiwa makali, ameniuliza nyumbani naonja kwa maji gani. Nimejibu kwa fahari: ya kisima cha ploti.
Kicheko! Dereva wa bodaboda amesema, "Mzee, hiyo si chai, hiyo ni supu!"
Ojwang amekunywa polepole, akasema chai nyeusi iko sawa, inamkumbusha shati lililokaukia juani. Gathoni ameyaandika maneno hayo papo hapo. Mikebe ni yake. Shati!

Jumatatu, 10 Machi
Nimetafakari kwa kina na kosa limepatikana. Maji ya mvua huua chumvi ya majani! Nimemwandikia Gathoni nikiomba kila mkebe ubebe onyo. Amejibu kwa simu: "Hapana, Mzee." Wivu wa kibiashara.
Lakini fikra tukufu imenijia nikipiga mswaki! Kwa nini chai ipate sifa ambayo ni ya kisima chetu? Mwenye ploti ayatie maji haya katika chupa, ayauze hadi Namanga. Ombi nimeshalipeleka. Mapendekezo yangu ya maneno ya chupa yanajaza kurasa nne, na Cate anauliza chupa yenyewe itakuwa na ukubwa gani.