Sweta la Nahodha

Jumatatu, 4 Machi
Shajara yangu, uniwie radhi kwa kimya cha miezi mitatu. Sikuwa na la kuandika, leo ninalo. Filamu kuhusu marehemu nahodha wa timu yetu imefika katika sinema ya mtaani. Wahakiki wa magazeti wanaimwagia sifa, hasa mwigizaji wa nafasi ya mchezaji wa akiba aliyekaa benchi fainali nzima akimshikia nahodha sweta. Eti unyenyekevu uliotukuka! Upuuzi! Mchezaji huyo ni mimi. Kwa miaka arobaini nimemwambia mke wangu kwamba pasi ya bao la ushindi niliitoa mimi. Na binti yetu amekwisha kukata tiketi za Jumamosi. Familia nzima!

Jumanne, 5 Machi
Nimepata dawa. Meneja wa sinema huiondoa filamu inayolaumiwa katika kitabu cha maoni, pale mlangoni. Nimeandika lawama nne kwa miandiko minne: daktari wa meno, mjane, askari mstaafu, mama wa mapacha. Kazi safi!

Jumatano, 6 Machi
Chini ya kila lawama pana jibu, kwa wino wa kijani: "Sweta langu liko wapi, Kigingi?" Kigingi! Jina hilo aliniita marehemu peke yake. Nikamhoji mkata tiketi. Akasema kitabu hulala kabatini, ufunguo anao yeye, na mzee wangu, kitabu kinakuhusu nini? Jeuri.

Alhamisi, 7 Machi
Nilikusudia kuandika kwa mkono wa kushoto. Nilipofunua ukurasa mpya, jibu lilikwisha kunitangulia: "Kushoto hukuweza hata kwa mguu." Wino ulikuwa bado mbichi.

Ijumaa, 8 Machi
Balaa! Watu wanapanga foleni kukisoma kitabu. Mhakiki mmoja anasema hajapata kuona filamu ikijitetea hivyo. Meneja ameongeza wiki mbili. Nyumbani nimelikuta sweta la marehemu, nililolificha sandukuni miaka yote, limetandazwa kitini pangu. Limelowa jasho. Lina joto. Mke wangu ameniuliza nimetoka kucheza wapi, kwa umri huu.

Jumamosi, 9 Machi
Tumeitazama. Fainali ilipofika, benchi lilikuwa tupu. Binti akaninong'oneza: Baba, wewe uko wapi hapo? Nikamjibu kwamba nilikuwa uwanjani, nikitoa pasi. Kiti cha kulia kwangu, kisichokuwa na mtu, kikacheka.

Mlangoni kitabu kilikuwa wazi: "Kigingi, kiri kwao, au uje ukae nami benchini. Nimekuwekea nafasi."

Nimetafakari sana. Kisha nimenunua kalamu ya wino wa kijani. Kesho marehemu mwenyewe atathibitisha, kwa mwandiko wake, kwamba pasi ilikuwa yangu.

Ama kukiri au kukaa, bado sijaamua. Nikiamua, nitakuandikia.