Kilo za Mzee Wangu

Jumatatu, 4 Machi
Mjukuu wangu anamchorea babu yake kiti cha magurudumu kwenye kompyuta, mzee akaote jua nje. Mtungi wake wa hewa ya kupumua utafungwa nyuma ya mgongo. Mjukuu anasema kila kitu lazima kipewe uzito wake, chuma, mpira, mtungi na babu mwenyewe, ndipo kompyuta ionyeshe kitone pale uzito wote unapokutana. Kitone kikikaa kati ya magurudumu, kiti kimetulia. Kikipita nyuma, mtu chali!

Akataka kumpima babu. Nikasema amelala. (Yuko macho, ananikonyeza.) Nikamwambia aandike kilo tisini, mimi ndiye ninayemgeuza kitandani. Akaniangalia. Akaandika. Safi!

Jumatano, 6 Machi
Fundi wa kuchomelea, atakayeunda kiti, kaja kupima mlango. Akachungulia chumbani, akanong'ona kuwa mzee amekwisha. Nikamwambia aliyekwisha ni yeye, suruali imeshikwa na kamba. Chai hakupata.

Ijumaa, 8 Machi
Kiti kimefika. Tukamkalisha mzee, tukafunga mtungi, nikaachia. Lo! Kiti kikainuka mbele! Mjukuu akadaka mpini, kichwa cha babu kikiwa shubiri moja tu kutoka sakafuni. Mzee akauliza kama tumeshafika nje.

Nikamlaumu fundi. Akaapa kafuata mchoro. Mjukuu akambeba babu yake peke yake, kama kichanga, akamrudisha kitandani. Akaenda jikoni. Nikasikia bomba linafunguliwa, halifungwi.

Jumamosi, 9 Machi
Mjukuu kaja na mizani, kampima babu. Arobaini na saba. Nikasema mizani mbovu. Akaniambia taratibu kuwa kompyuta haimjui babu, inajua unachoiambia tu. Akabadilisha namba. Kitone kikarudi nyuma, kikatoka nje ya magurudumu. Nikageukia ukuta.

Tisini hatukuziokota njiani! Kwa tisini hizo zamani alivunja kitanda chetu, tukalala chini tunacheka.

Jumanne, 12 Machi
Fundi kasogeza magurudumu nyuma. Mzee kakaa nje, jua usoni, mpaka akasinzia. Jirani akauliza hali. Nikamjibu ananenepa.

Mjukuu anasema atampima kila wiki, maana akipungua kitone kitahama tena. Akipungua! Mdomo huo!

Nimeshona nati za chuma kwenye pindo la koti la mzee, kwa uzi maradufu. Waje na mizani yao. Ameongezeka.