Mkubwa Wetu wa Mwaka wa Kondoo

Jumapili, 1 Oktoba 2023. Minneapolis.

Nimekalishwa mlangoni.

Mkutano wa kwanza wa Chama cha Wanafunzi wa Asia ya Kati, chuo cha biashara, ukumbi mdogo chini ya nyumba za wanafunzi wenye familia. Raushan, mke wangu, amenipeleka ili nisishinde peke yangu na friji. Yeye anasomea shahada ya pili ya fedha. Mimi nina cheti cha sekondari cha Kostanay, mji wetu huko kwa Wakazakh, na miaka kadhaa ya kusimamia mizani kwenye ghala la ngano. Viza yangu hairuhusu kazi. Hivyo napika, nafua, naandika humu.

Wote pale wana shahada. Yerbolat wa Almaty, mwenyekiti, anazo mbili na anatafuta ya tatu. Aliniuliza nasoma nini. Nikasema nimekuja na Raushan. Akasema, "Ah, shemeji," kwa sauti ya mtu anayepokea koti la mgeni. Akanionyesha nafasi karibu na mlango, kando ya Nilufar wa Samarkand, mdogo kuliko wote, ambaye kazi yake ni kumimina chai. Nikakabidhiwa birika la pili.

Kwetu mimi ni kitindamimba. Jina langu lenyewe, Kenzhebek, linasema hivyo. Tangu utoto nawamwagia wakubwa maji ya kunawa. Nimevuka bahari ili niendelee kumwaga.

Lakini kuna jambo nimeliona. Kabla ya kukaa hakuna aliyeulizwa shahada. Waliulizana umri. Yerbolat ana thelathini na mmoja, ndiye mkubwa, kwa hiyo alikaa mahali pa juu, mbali kabisa na mlango. Akaomba dua. Akawekewa nyama kwanza. Wasomi wote wale, na bado umri ndio unaopanga viti.

Mimi nina ishirini na tisa. Hilo linarekebishika.

Jumatano, 4 Oktoba

Mpango umekamilika. Nilizaliwa kwenye kambi ya mifugo, majira ya baridi. Theluji ikaziba njia. Baba akachelewa kuniandikisha. Kwa miaka mitatu. Kwa hiyo nina thelathini na miwili.

Raushan aliuliza ni theluji gani hiyo. Akauliza pia kama nilianza darasa la kwanza nikiwa na miaka kumi. Nikamjibu kwamba ndiyo maana nilikuwa mrefu darasani. Akasema aliolewa na kijana, leo anaambiwa ana mzee ndani, na hakuna aliyemwomba ruhusa. Hata hivyo hakusema atanisaliti. Namhesabu upande wangu.

Mazoezi ya leo: kuinuka taratibu, mkono gotini. Kukohoa kabla ya kusema. Kutojibu swali hapo hapo. Hili la mwisho gumu. Napenda kujibu.

Habari ya theluji nimempa Nilufar, kwa siri kubwa, nikamsihi asimwambie mtu. Kufikia jioni chama kizima kilikuwa nayo. Binti wa kutegemewa.

Jumamosi, 7 Oktoba

Karamu ya kufungua mwaka. Kondoo tulimpata kwa mchinjaji Msomali wa Mtaa wa Lake, ambaye alituwekea na kichwa. Nilikibabua manyoya mwenyewe barazani, nikakichemsha mchana kutwa. Jirani Mmarekani alichungulia mara moja, hakurudi tena.

Yerbolat alinijaribu mbele ya watu. Kwetu kila mwaka una mnyama wake, wako kumi na wawili, wakiisha wanaanza upya. Mtu akidanganya umri, mnyama ndiye humkamata. Akaniuliza wangu. Nikakohoa. Nikanyamaza kidogo. Nikasema Kondoo. Raushan alipaliwa na chai.

Yerbolat alihesabu kwa vidole, taratibu, kama mtu anayehakiki hesabu za kampuni. Kisha akainuka, akaniachia mahali pa juu.

Kiti kilikuwa bado na joto lake. Kutoka pale unaona nyuso za wote. Mlangoni unaona migongo.

Halafu wakaniwekea kichwa mbele yangu. Mkubwa ndiye hukikata na kukigawa. Sikio humpa mdogo, ili ajue kusikia. Nilipokwisha kushika kisu, Yerbolat akaniuliza, kwa upole, kama baba yangu yu hai.

Ambaye baba yake yu hai hakati kichwa. Kila Mkazakh analijua hilo. Mimi nilikuwa nimelisahau, kwa sababu maishani mwangu sijawahi kukaa karibu na kichwa kiasi cha kulihitaji.

Mdomo ukafunguka. Neno moja tu la uongo lingetosha. Huko Kostanay ilikuwa alfajiri. Pengine baba alikuwa anapapasa kitandani akitafuta miwani. Nikasema yu hai, alhamdulillahi.

Kisu kikazunguka meza. Baba wa Yerbolat yu hai. Wanafunzi wawili wa Bishkek, nao baba zao wako hai. Kichwa kikabaki katikati mpaka kikapoa, kinatutazama, na hakuna mwenye haki ya kukigusa. Nilufar akasema kumbe hii ni meza ya watoto. Kicheko kilikuwa kidogo.

Haidhuru. Kiti ninacho.

Jumapili, 22 Oktoba

Ukubwa una kazi ambazo sikuziweka kwenye mpango.

Wale wawili wa Bishkek waligombana juu ya sufuria. Wakaniletea shauri. Nikaamua kwa haki kabisa. Sasa wamepatana, na mimi hawanisemeshi.

Nilufar alishindwa mtihani wa hesabu za biashara, akauliza amwambie mama yake au asimwambie. Nikamshauri asubiri. Mama alijua kabla ya chakula cha jioni. Nilufar amenipa jina: "babu". Akinimiminia chai huniuliza kama meno bado yapo.

Na Yerbolat ameacha kuniita shemeji. Leo alikuja mlangoni, kavua kofia, akasema Jumanne ana usaili mkubwa wa kazi, akaomba nimwombee dua. Alisema "kaka". Nilimtazama usoni nikitafuta dhihaka. Haikuwapo. Nikainua mikono nikamwombea, na dua ilikuwa fupi, maana sikuwa nimejiandaa.

Nilitaka anipishe kiti. Kuniamini sikumwomba.

Jumanne, 24 Oktoba

Usiku umekwenda. Naandika hivyo hivyo.

Simu asubuhi, namba ya Almaty. Sauti ya mzee. Akajitambulisha: baba mdogo wa Yerbolat. Akauliza hali yangu, hali ya mke wangu, hali ya hewa. Hapo nikaanza kuogopa. Mtu mzima hapigi simu ng'ambo kuuliza hewa. Kisha akasema kaka yake alianguka bafuni leo alasiri, hakuinuka tena.

Yerbolat hajui. Kwetu msiba hautolewi kwa simu. Mkubwa wa mahali alipo mfiwa huenda na watu, humkalisha, humwambia kwa maneno yanayotoka mbali. Mzee aliniulizia mimi kwa jina. Yerbolat alikuwa amemwambia baba yake asiwe na wasiwasi, huku wana kaka mkubwa.

Nilijaribu kuchomoka. Naliandika kama lilivyokuwa. Nilimwambia mzee hakukuwa na theluji. Nilimwambia nina ishirini na tisa, na mtoto wao amenizidi miaka miwili, na sekondari ndiyo mwisho wa kisomo changu, na kazi hii siiwezi.

Aliniacha nimalize. Kisha akasema, "Mwanangu, mezani kwenu, mahali pa juu anakaa nani?"

Nikasema mimi.

"Basi inuka hapo, uende."

Nikampigia baba yangu anifundishe maneno. Alinifundisha. Usiende peke yako. Usiseme "amekufa". Anza mbali: hata mti mkubwa huangukia shambani mwake, hata farasi bora hufika mwisho wa uwanda, na usiokufa ni mlima tu, maana haukuzaliwa. Nikarudia mpaka nikashika. Kisha akauliza kwa nini nimepewa mimi. "Huko hakuna mtu mzima?"

Nikamjibu hakuna. Mwezi mzima huu, juu ya umri wangu, hilo ndilo neno la pili la kweli, na yote mawili ya leo.

Tulikwenda wanne: mimi, Raushan, Nilufar na mmoja wa Bishkek, ambaye alinisemesha. Yerbolat alikuwa chuoni, ndani ya chumba cha usaili. Raushan alitaka tumtoe. Nikasema tusimtoe, amalize, ndege ya kumpeleka nyumbani ni ya jioni. Sijui kama ilikuwa sawa. Hakuna wa kumuuliza. Wa kuulizwa ndiye mimi.

Mlango ukafunguka. Alitoka anatabasamu, tai shingoni, mkono umeinuka kuwaaga walio ndani. Akatuona. Watu wanne wa kwetu wamesimama pamoja asubuhi ya siku ya kazi, hawazungumzi. Mkono ukashuka. Akatazama ni nani amesimama mbele.

"Kaka," akasema, "nikae?"

"Kaa, mdogo wangu."

Akakaa kwenye benchi kando ya mashine ya soda. Nikakohoa, safari hii si kwa mazoezi. Nikaanza. Nikaanza na farasi, nikamwangusha shambani. Nikaupandisha mti uwandani. Mlima niliuacha kabisa, nikaurudia mwishoni, mahali ambapo haukuwa na maana. Yerbolat alinisikiliza mpaka mwisho, mikono magotini, kama mtoto aliyelelewa vizuri. Hakunikatiza. Nilipokwama alinisubiri.

Kisha akauliza, "Ni baba?"

Nikasema ni baba.

Nikamkumbatia kama inavyotakiwa, bega kwa bega, akalia kwa sauti, na mimi nikalia. Wanafunzi walikuwa wanapita na vikombe vyao vya kahawa. Nilufar alisimama kati yetu na wao, kajipanua, mfupi vile, kama pazia.

Jioni amesafiri. Wanamngoja ndipo wazike.

Ijumaa, 27 Oktoba

Mikate saba ya kukaanga kwa ajili ya marehemu, kama kila Ijumaa ya msiba. Nimeikaanga mimi. Miwili imeungua. Nimekaanga mingine.

Wamekuja wote, hata ambao mkutanoni hawajapata kuonekana: Mtajiki wa takwimu, mama Mturukimeni na watoto wake. Nikataka kukaa mlangoni. Walinikatalia. Nikasoma dua kutoka mahali pa juu, wakaitikia, ukumbi ukawa na sauti moja. Sijasikia sauti hiyo tangu nitoke nyumbani.

Baadaye nilichukua birika nikawamiminia. Nilufar alitaka kuninyang'anya. Nikamwambia babu anajinyoosha mgongo.

Usiku kabla ya kulala Raushan alinishika mkono, akasema sasa nikiri umri wangu, watu hawa hawatanifukuza. Ana haki. Nitakiri Yerbolat akirudi.

Jumamosi, 2 Desemba

Arobaini ya baba yake Yerbolat. Kwao wameifanya nyumbani. Yerbolat karudi kwa ajili ya mitihani, tukaifanya nasi hapa. Amekonda.

Nilikuwa nimeamua kukiri kabla ya chakula. Nikaona si adabu kuingiza mambo yangu kwenye arobaini ya mtu. Nikaahirisha.

Kichwa kililetwa, kikawekwa mbele yangu. Niliwahi kukitamani kichwa hiki! Nikakigeuza, nikakisukuma taratibu mpaka kwa Yerbolat. Meza nzima yeye peke yake ndiye mwenye haki nacho. Hakuna aliyemwonea wivu. Alikitazama kwa muda. Akachukua kisu.

Akakata sikio. Nilufar, mdogo wetu, akanyoosha sahani yake, kama desturi. Yerbolat akampita. Akanyoosha mkono mpaka mahali pa juu, akaliweka sikio kwenye sahani yangu mimi. "Kula, mdogo wangu," akasema, polepole, akanigusa bega.

Nilufar aliinamisha kichwa, mabega yakawa yanatikisika. Raushan alitazama dirishani.

Maskini Yerbolat. Huzuni imemvuruga mpaka anachanganya mkubwa na mdogo. Sikutaka kumwaibisha, nikalila. Kwamba baba yake mdogo amemwambia kitu huko msibani, hilo siliamini. Wazee wana siri. Na kama hajui, kumkiria sasa ni kumwongezea mzigo. Nimeahirisha mpaka sikukuu ya machipuko.

Sikio lilikuwa tamu.

Jumapili, 14 Januari 2024

Hatari.

Muhula mpya, mwanachama mpya: Almazbek wa Bishkek, mwalimu wa zamani. Ana arobaini na mmoja. Ndevu zina mvi, za kweli, nimezitazama kwa karibu. Baba yake alifariki zamani. Anainuka taratibu bila mazoezi.

Yerbolat amesema mkutano ujao tutajua nani akae wapi. Alinitazama alipokuwa anasema, akatabasamu kidogo. Nimechukulia kuwa ananiunga mkono.

Nimekaa na kalamu jioni yote. Nimewaambia watu nilizaliwa mwaka wa Kondoo. Na mwaka wa Kondoo hurudi kila baada ya kumi na miwili. Ulikuwapo pia mwaka 1979. Nina arobaini na minne, basi, na mnyama ni yule yule, hakuna nitakachofuta.

Raushan amesoma begani kwangu. Amesema kwa mwendo huu nitamwacha mjane kabla hajamaliza shahada, kisha akazima taa ya upande wake.

Naona kasoro moja tu kwenye mpango. Itabidi theluji iwe nyingi zaidi.