Mkoba Wenye Picha ya Mama

Jumapili, tarehe 2 Machi

Binti yangu amepiga simu. Atakuja Jumamosi! Miaka miwili hajakanyaga hapa. Atafika saa nne asubuhi, saa sita anaondoka, basi lake halimngoji mtu. Saa mbili nzima! Nimemjibu kwa upole wa mtu mwenye shughuli nyingi kwamba nikiwepo nitakuwepo. Nilipokata simu nikafagia chumba mara mbili. Halafu nikafagia ngazi, ambazo si zangu.

Wazo likanijia ufagio mkononi. Nitamshonea mkoba wa ngozi, kwa mkono, na kwenye kifuniko nichape picha ya marehemu mama yake kwa rangi ya buluu. Nilijifunza kwenye video. Unachanganya dawa mbili, unaipaka ngozi chumbani kusiko na mwanga, inakauka. Unalaza picha ya plastiki juu yake, unabana kwa kioo, unapeleka juani. Halafu unasuuza. Penye kivuli panabaki peupe, penye jua panageuka buluu. Dawa ninazo tangu mwaka jana, nilipochapa majani ya mpapai kwenye mikanda thelathini. Mikanda nayo bado ninayo. Yote.

Siri. Hasa kwa Mama Vifungo, mshonaji wa chumba cha jirani. Mjane. Masikio yake yanapita ukutani.

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Nimekata ngozi. Nimetoboa matundu mia mbili na kumi na sita. Kidole kimoja pia.

Mama Vifungo amebisha hodi, eti anaomba kipande cha nta. Mtu wa cherehani mbili anataka nta ya nini? Nikasimama mlangoni kama pazia asione meza. Akauliza kama nimekula. Swali la kijasusi hilo! Nikasema nimekula. Sikuwa nimekula.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Duka la fotokopi. Picha ninayo moja tu ya marehemu akicheka. Kamera alikuwa haipendi. Kijamaa cha fotokopi kikauliza, kikiitoa kwenye plastiki kiigeuze, palipo peusi pawe peupe? Nikakiambia mke wangu hageuzwi na mtu.

Kumbe alipaswa kugeuzwa. Nimefanya majaribio kwenye kipande cha ngozi kilichobaki: uso wa giza, nywele nyeupe, meno meusi. Ananitazama kama siku ile nilipokata pazia lake la sebuleni nikajitengenezea aproni. Nimemwomba radhi. Kwa pazia pia, maana wakati ule sikuomba.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Nimerudi kwa kijamaa cha fotokopi. Kikageuza. Kikatabasamu kwa muda mrefu mno.

Jua hakuna! Nimekaa juu ya paa tangu saa tatu hadi saa kumi na kioo changu, nikingoja. Nikamsimulia marehemu habari za mtaa. Habari zenyewe zikaisha saa nne na nusu.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Jua! Nikatega kioo, nikashuka kunywa chai. Niliporudi, Mama Vifungo alikuwa ameanika shuka. Kivuli cha shuka pwaa juu ya kioo changu! Nimepata nusu ya mke wangu na kibanio cha nguo.

Nikagonga mlango wake. Nikamwambia hujuma hii nimeielewa. Akanitazama mikono, yote buluu hadi viwikoni, akauliza taratibu kama ni dawa ile ya kuchapia kwa jua, kwani zamani aliwahi kutia vitambaa rangi ya namna hiyo. Akasema: “Fundi, suuza kwa maji matupu. Usitie sabuni, itakula rangi.”

Aha! Yaani mshindani anishauri kwa wema wake tu? Nimeelewa. Sabuni ndiyo siri yenyewe.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Asubuhi hii picha imetoka! Picha kamili! Anacheka, shavu la kushoto lina kile kibonyeo. Niliketi sakafuni nikamtazama hadi miguu ikafa ganzi.

Kulikuwa na doa dogo la njano karibu na sikio. Nikatia sabuni ya unga. Vijiko viwili.

Likaenda doa. Likaenda sikio. Likaenda shavu. Nilikuwa nimeshika beseni nikisema ngoja, ngoja, kana kwamba anashuka ngazi. Imebaki ngozi ya rangi ya chai iliyopoa.

Nimemsikia Mama Vifungo akisimama nje ya mlango. Hakubisha. Lazima alikuwa anacheka kimyakimya.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Binti amefika saa nne kamili na mfuko wa machungwa. Amekonda. Anavua viatu kama mama yake, anaegemea mlango kwa bega.

Nilikuwa na kipande kimoja cha mwisho, kimeshapakwa dawa, na jua lilikuwa linawaka. Nikamwambia akae, dakika ishirini tu. Akasema, “Baba, nimekuja kukuona wewe.” Nikamwambia ataniona, asiwe na wasiwasi, nakuja sasa hivi.

Wingu likapita. Ishirini zikawa arobaini. Akapanda paani akataka kuketi kando yangu. Nikamwambia asisogee, atatia kivuli. Akasimama kidogo. Akashuka.

Baadaye nikasikia vicheko chini: chake na cha Mama Vifungo. Binti yangu ana kicheko kizuri. Nilikuwa nimekisahau. Nikataka kushuka, lakini paji la uso lilikuwa bado hafifu, nikaongeza robo saa. Kisha kusuuza, maji matupu, mara tatu.

Imetoka safi! Safi kuliko ya jana! Nikashuka mbio, ngozi inanichuruzikia tumboni. Kiti kitupu. Kwenye sahani, chungwa limemenywa, nusu moja imeachwa.

Mama Vifungo alikuwa mlangoni. Akasema binti alinisubiri mpaka saa sita na dakika kumi, akaniita kwa kila jina ambalo baba huitwa. Nikasema sikusikia, maji yalikuwa yanamwagika. Akasema binti aliuliza kama huwa niko hivi siku zote. Nikamuuliza alimjibu nini. Akasema: “Nilimjibu ndiyo. Nikamwambia pia kwamba ulifagia ngazi.”

Akaniuliza kama tunywe chai pamoja. Nikamwambia ngozi mbichi haisubiri, lazima ipakwe mafuta.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Nimetafakari kwa kina. Kosa lilikuwa moja tu: kioo kidogo. Kioo kikubwa kingechapa mara mbili kwa mpigo, na dakika arobaini zingeokolewa. Nimeagiza kikubwa. Mkoba wa pili utakuwa na picha mbele na nyuma. Huu wa kwanza nimeushona usiku, nimeutundika ukutani. Mke wangu anacheka vizuri sana, na hakuna wa kumtazama ila mimi.

Saa tano simu ikalia. Binti! Alifika salama. Akasema leo hana haraka, hana pa kwenda, nimwambie tu naendeleaje, yeye atasikiliza.

Nikachungulia dirishani. Jua lilikuwa limetoka, halina hata wingu moja.

Nikamwambia nitampigia baadaye.