Mashine ya Kupima Viganja

Jumatatu, 3 Juni
Balaa! Mshonaji wa chumba cha jirani anafunga duka Jumamosi. Kaka yake amemwita akaishi naye, mbali huko. Muda wote huu natengeneza redio huku nasikiliza cherehani yake kupitia ukuta, na sijamwambia neno. Shangazi anasema niende nikaseme, mdomo si wa kulia ugali tu. Rahisi kwake! Akinikataa, je? Mimi ni fundi. Fundi haulizi, anapima.

Jumanne, 4 Juni
Nimepata! Moyo ukishtuka, mishipa ya fahamu huamsha jasho viganjani, hata mwenyewe asijue. Ngozi ikilowa, umeme hupita kwa urahisi. Basi: nyaya mbili vidoleni, betri ndogo, na mshale niliong'oa kwenye redio mbovu. Nitajitaja, mshale utapanda, nitajua. Nimejijaribu mwenyewe. Cherehani ilipolia tu, mshale ukagonga mwisho! Shangazi kauliza kama nina homa.

Jumatano, 5 Juni
Nimempima kinyozi wa mkabala, yule anayempelekea mshonaji chai kila asubuhi bila kutumwa. Nimemdanganya ni kipimo cha uchovu. Nikamtaja mshonaji, mshale ukapanda. Mnafiki! Kisha upepo ukabamiza mlango, mshale ukapanda zaidi. Kumbe mlango anaupenda kuliko mshonaji. Nimefarijika.

Alhamisi, 6 Juni
Nimekwisha. Mshonaji alikuwa anamalizia gauni jeupe la bibi harusi. Nilipomweleza kipimo cha uchovu, akacheka, akaninyooshea vidole. Nikamtaja kaka yake, jicho kwenye mshale. Kimya. Nikamtaja kinyozi. Kimya. Afadhali! Nikajitaja mimi. Mshale umelala fofofo. Nikaitikisa mashine. Wapi! Akauliza majibu yanasemaje. Nikasema betri imeisha. Nimerudi chumbani nikalia, na naandika hivyo bila aibu. Nampenda, jamani.

Ijumaa, 7 Juni
Nilikwenda kumsaidia kufunga mizigo. Ndiyo, mimi mwenyewe, kujichimbia kaburi. Mezani palikuwa na kopo la poda, karibu tupu. Nikauliza ni la nini. Akasema hujipaka viganjani asichafue vitambaa vyeupe. Kisha akainama. Akasema zamani hakuihitaji, lakini siku hizi akisikia tu mlango wangu ukifunguliwa, mikono inamtoka jasho, na ameshaharibu vitambaa vya watu. Jana aliniona nikija, akajipaka mara mbili.

Nikalifunga lile kopo. Halafu mdomo ukafunguka wenyewe. Nikamwambia nampenda, nikamwomba asiende. Akauliza siku zote hizo nilikuwa nangoja nini. Akaanza kufungua masanduku, moja baada ya jingine, huku anafuta machozi kwa kiganja chenye poda. Uso wote mweupe! Sijawahi kuona uso mzuri vile.

Jumapili, 9 Juni
Kaka yake ameshaambiwa kwamba mshonaji haendi tena. Tunaoana! Shangazi kapiga vigelegele mpaka kinyozi katoka na mkasi, mteja wake kanyolewa upande mmoja. Mchana nilimpikia mchumba wangu. Akala chakula chote, akasema kitamu. Lakini chumvi nilizidisha, mimi mwenyewe nilishindwa kumeza. Alisema kweli, au alinihurumia? Ningemuuliza, lakini kuuliza ni kubahatisha. Nimekumbuka kwamba hata nyayo hutoa jasho, na nyayoni hajipaki poda. Nimeshakata nyaya ndefu zaidi. Kesho nitamwomba avue viatu.